Magari ya polisi mnadani Arusha na Moshi: lipi la kuwania, lipi la kuliacha

Gari la polisi likiletwa mnadani, wengi hukimbilia dashibodi kusoma kilomita. Hapo ndipo wanapopotea. Gari la doria hukaa nje ya kituo au kando ya barabara injini ikiunguruma saa nzima, na mita haisogei. Ford, wanaotengeneza magari ya polisi wa Marekani, huhesabu saa moja ya kuunguruma palepale kuwa sawa na maili 33 za mwendo, yaani kama kilomita 53. Kwa hiyo mimi sipangi kwa kilomita. Naangalia kwanza chesisi na karatasi, kwa sababu injini Arusha utaipata na fundi wa kuifunga yupo, lakini chesisi iliyopinda na namba zisizolingana zitakutesa mpaka uliuze.

Namba moja, kwa mbali, ni Toyota Land Cruiser, pikapu au hardtop, yenye injini ya 1HZ. Ni dizeli ya silinda sita, lita 4.2, haina tabo wala kompyuta ya kukusumbua. Hapa kwetu ina faida ya ziada: Arusha ndiko hardtop za utalii zinakokatwa, kurefushwa na kufungwa paa la kuinuka, hivyo mafundi wanaoijua na vipuri vyake havitafutwi Dar. Ubaya ni kwamba wenye kampuni za utalii nao wanaitaka, na bei hupanda haraka.

Nenda kuikagua asubuhi, na kabla ya kuiwasha weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameitangulia kuipasha. Rudi siku ya pili. Baridi ya Juni na Julai Arusha itakuonyesha hita plagi (zinazopasha injini ya dizeli kabla ya kuwaka) zilizokufa bila kuuliza mtu. Magari mengi ya mnadani hayana betri, kwa hiyo beba lako lenye chaji na waya zake. Ikishawaka, fungua kifuniko cha oili, kigeuze juu chini na ukiweke juu ya tundu bila kukifunga. Kikitikisika kidogo, sawa. Kikirushwa na moshi ukatoka kwa kupwita, ringi za pistoni zimechoka, na overhoo, yaani kuifungua injini na kuitengeneza upya, uiingize kwenye hesabu yako kabla hujanyoosha mkono. Uliza pia mkanda wa taimingi, maana kwenye 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000 na ukikatika valvu hugonga pistoni. Hakuna kumbukumbu? Hesabu kwamba haujabadilishwa.

Kisha lala chini na tochi na brashi ya waya. Anzia pale boksi ya usukani inapofungwa kwenye chesisi, kwa sababu barabara za Loliondo na Longido hupiga hapo bila huruma. Sugua matope utafute ufa mwembamba au mshono wa kuchomelea. Rangi nyeusi mpya sehemu moja tu, huku kwingine kote kuna vumbi, ikwangue. Ukikuta nyufa, mimi naliacha hata likiwa linanguruma vizuri.

Namba mbili ni Hilux double cabin. Ya zamani yenye injini ya 5L, isiyo na tabo, naipenda zaidi. Zile za D-4D zina nguvu na hazinywi sana, ila nozeli zake za kunyunyizia dizeli ni ghali, na gari lililokaa yadi muda mrefu na dizeli chafu kwenye tanki linaweza kukutaka nozeli zote nne.

Pikipiki naiweka namba tatu, kwa mwenye mtaji mdogo: tazama fremu na foku, mengine yanatengenezeka. Saluni, yaani gari dogo la kawaida, ni ya nne. Nunua tu ikiwa imekamilika, maana nyingi zimeshachomolewa vifaa. Lori liachie mwenye biashara ya usafirishaji.

Kwa yote, pandisha macho kwenye paa. Matundu ya kimulimuli na antena yaliyoachwa wazi hupitisha maji mpaka chini ya zulia, na sakafu huliwa taratibu. Nyuma ya dashibodi utakuta waya za redio na king'ora zimekatwa na kuachwa zikining'inia. Fundi umeme azifuatilie mpaka mwisho, kwa sababu moja ikigusa bodi gari linaweza kuungua.

Karatasi sasa. Namba ya chesisi ya Land Cruiser imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Isafishe, isome tarakimu kwa tarakimu, uilinganishe na orodha ya mnada, na ufanye hivyo hivyo kwa namba ya injini. Zikitofautiana, usisubiri maelezo ya mdomo.

Matangazo mengi ya minada ya Serikali hutaka asilimia 25 papo hapo na zilizobaki ndani ya siku 14, na ukishindwa amana hairudi. Gari huuzwa kama lilivyo, mahali lilipo. Malipo ya Serikali hupitia kontroli namba. Anayetaka keshi mkononi mpite. Ondoka na risiti na hati ya mauzo, kwa sababu namba za polisi, zile za PT, zinaondolewa na utahitaji usajili mpya TRA. Mpaka usajili huo ukamilike, livute kwa brekidauni.