Nilienda Tanga kujifunza tanga, nikakuta bahari haipo

Niwajibu kwanza dada zangu wa saluni pale Mbuyuni, hapa Moshi, maana kila nikienda kusuka wananiuliza upya: ndiyo, nilienda kujifunza kuendesha mashua ya tanga, ndiyo, nilipinduka, na hapana, haikunigharimu laki tano. Mafunzo ya nusu siku ni shilingi 70,000, nauli na gesti juu yako. Kama nitarudi? Nimeshaomba ruhusa kazini, Ijumaa moja ya mwezi wa tatu.

Ila anayetaka kwenda asome hapa kwanza, hasa akiwa mtu wa mlimani kama mimi. Maji niliyokua nayo ni ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, kule Kibosho: zamu yenu ikifika mnafungua, yanakuja, mnamwagilia migomba. Sikujua kwamba bahari nayo ina zamu.

Wakala mmoja wa safari hapa Moshi, jina nabaki nalo, ndiye aliyenipangia kila kitu: basi Ijumaa, kulala Tanga, mafunzo Jumamosi saa nne kamili asubuhi. Ni kama kilomita 350 kwa barabara, unashuka na milima ya Upare na Usambara mkono wa kushoto mpaka unachoka kuitazama. Jumamosi saa nne kasoro niko getini kwa ile klabu ya mashua za tanga, nimejipaka mafuta ya jua mpaka masikioni.

Bahari haikuwepo. Mashua zimelala ubavu kwenye tope, kaa wanapita katikati yake, na mbali kabisa akina mama wameinama wanaokota kombe. Chini ya mwarobaini mzee mmoja alikuwa anashona tanga kwa sindano nene kama msumari.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Wewe umetoka bara."

"Umejuaje?"

"Wa hapa haji saa nne siku ya mwezi mpevu."

Ndipo nikafundishwa kitu ambacho wakala wangu alipaswa kukijua kabla ya kuchukua hela yangu. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua: yanajaa sana na yanakupwa sana. Na siku za bamvua upande ule wa pwani, saa nne asubuhi ndiyo saa ya ukavu kabisa. Nilipompigia wakala akasema, "Subiri kidogo dada." Kidogo kikawa masaa manne na nusu. Kwa hiyo usimuulize mtu bei tu, muulize na maji yanajaa saa ngapi.

Lakini ule ukavu ndio ulionipa kitu bora kuliko vyote vya safari hii, maana mzee hakuwa na pa kwenda, na mimi vilevile.

Alianza kazi pale mwaka wa Uhuru, 1961, akiwa na miaka 14. Wanachama walikuwa maofisa wa Kiingereza na mabwana wa mkonge. Kazi yake: kubeba mashua mpaka majini, kufua maji yaliyoingia ndani yake, kuanika matanga. Usukani alikuwa haushiki. Isipokuwa mashindano yakiisha, bwana anashuka zake kwenda kunywa, na mashua lazima irudishwe kwenye boya. "Hatua mia mbili," akaniambia, huku anauma uzi kwa jino. "Darasa langu lote lilikuwa hatua mia mbili." Kwao wanavua kwa ngalawa, upepo alikuwa anaujua tangu mtoto. Alichokuwa anakisoma ni lile tanga la Kizungu lenye pembe tatu na mti chini yake.

Kilichoiangusha klabu hakikutoka baharini, kilitoka shambani. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na nyingi zilitoka mkoa huo. Kisha dunia ikageukia kamba za plastiki, bei ikaporomoka, na 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ikataifisha mashamba mengi. Mabwana wakaondoka mmoja mmoja. Mashua nyingine ziliuzwa, nyingine zilioza, matanga mawili matatu yakawa turubai la kuanikia mahindi. Baa ndiyo haikufa. Miaka mingi, anasema, ilikuwa klabu ya matanga isiyo na tanga hata moja.

Nikatazama kamba zilizokuwa miguuni pake. Zote nailoni. Sikusema kitu, ila naona aliniona nikizitazama, akacheka.

Kufufuka kwenyewe hakukuwa na sherehe. Vijana wachache walipata mashua kuukuu za faiba aina ya Laser, zile za mita nne na ushee zenye tanga la mita za mraba 7, wakamwita mzee azizibe. Akasema ataziziba kwa sharti moja: wavuvi wa ngalawa nao waingie kwenye mashindano. Sasa wanaingia, na kwa maelezo yake, ambayo nayapokea na chumvi yake, faiba zinashinda upepo ukiwa mdogo tu.

Saa nane na nusu maji yalikuwa yamerudi kimya kimya, kama mtu aliyetoka dukani. Mkufunzi wangu alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mjukuu wa mzee huyohuyo. Anafundisha kwa maneno ya babu yake: kamba ya kuvutia tanga ni demani, upande unaotoka upepo ni joshini. Na ukitaka kwenda kule upepo unakotoka huwezi kunyoosha. Unakata huku, unakata kule, kila mara unageuza tanga. Hiyo inaitwa kubisha.

"Wewe si Mchaga?" akacheka. "Kubisha si kazi yako?"

Nilibisha vizuri kama nusu saa. Kaskazi ilikuwa inavuma ya kutosha, mashua imeinama, maji yanapiga ubavuni, na mimi nikaanza kujiona. Aliponigeukia akakuta nimeizungusha demani kiganjani mara mbili. "Usiizungushe! Iachie!" Upepo ukaja palepale. Kamba unatakiwa uweze kuiachia tanga limwage upepo. Yangu ilikuwa imenikaba mkono. Tukalala chali, wote wawili. Kuiinua ni kusimama juu ya ule ubao wa katikati na kujivuta nyuma kwa uzito wako wote. Uzito ninao, ikainuka mara ya kwanza.

Kasoro zipo. Laifu jaketi niliyopewa zipu yake ilikuwa imekufa, nikafungwa kwa kamba. Pa kubadilishia nguo ni stoo yenye harufu ya samaki. Chakula kiliagizwa saa sita kikaja saa nane, ingawa ile changu ya kukaanga nimeisamehe.

Kabla sijaondoka mzee alinifundisha fundo moja, lile la kitanzi ambacho hakikazi ukikivuta, na ukimaliza kinafunguka kirahisi. Nililirudia mara thelathini ndani ya basi kwa kamba ya kiatu. Jumatano iliyopita, sokoni Mbuyuni, toyo iliyobeba ndizi za mama yangu mdogo ilikatika mpira wa kufungia mzigo, mikungu ikaanza kuteleza. Nikaomba kamba, nikafunga. Dereva akalivuta lile fundo mara mbili, akaniangalia juu mpaka chini, akaniuliza nilipita jeshi la wapi.