Duka la vitambaa vya kanzu Ngamiani: cha Mjapani kipo ila fungua macho

Jamani wa Tanga mnaotafuta kitambaa cha kanzu ya Idi, kuna duka hapa Ngamiani lina jora za Toyobo, ile kampuni ya Osaka ya tangu 1882, ndo kitambaa chao Waarabu wanashonea kanzu miaka mingi. Mi nlichukua cheupe cha poliesta. Kwanza weupe wake, mashalaah, haugeuki njano ukifua, halafu kinaanguka vizuri mwilini na hata ukae kwenye daladala mpaka Muheza unashuka hakina mikunjo ya maana. Ukianika asubuhi adhuhuri unavaa. Wazee watakwambia hii ndo tetroni ya zamani, na hawako mbali, Toray na Teijin, kampuni nyingine za Japani, walianza kuuza poliesta yao kwa jina la Tetoron 1958 baada ya kununua leseni Uingereza.

Sasa joto. Kipupwe poa, ila Februari jasho linakushika mgongoni, asikudanganye mtu, tafuta kilichochanganywa na pamba.

Muuzaji ana maneno matamu mno, kila jora kwake "Japani hiyo kaka", hata lile jepesi linaloonyesha mpaka singlendi. Muombe aliweke mwangani, angalia maandishi ya pembeni, usimuonee haya. Bei imechangamka kidogo na hapunguzi, ila mita anapima kwa haki. Fundi mwambie pasi isiwe kali, inaleta mng'ao mbaya.