TAHADHARI: "Matofali ya moto" ya tanuri la piza yaliyo saruji tupu

Kama unapanga kujenga tanuri la kuni uani kwa ajili ya piza, usitume hela kwa muuzaji yeyote wa "seti kamili" kabla hujasoma hapa. Kuna mmoja anatangaza matofali ya moto, saruji maalumu na blanketi la kuzuia joto, vyote pamoja, kwa bei iliyo chini kuliko wengine wanavyouza matofali peke yake. Mzigo wake ulimfikia jirani yangu aliyeniomba nimsaidie kujenga, nikaufungua kwa mikono yangu. Hakuna kitu mle kinachostahili kukaribishwa motoni.

Kwa nje matofali yanapendeza: rangi ya krimu, kingo zimenyooka. Tulipovunja moja kwa nyundo, ndani likawa la kijivu, kokoto ndogo zinaonekana waziwazi, na ile krimu imeishia juu juu, unene wa ukucha. Ni saruji na mchanga, vikapakwa rangi. Tofali halisi la moto ni la udongo wenye alumina nyingi (madini yanayohimili joto), uliochomwa kwa joto kali, na rangi yake ni ileile mpaka ndani. Msitegemee mzani. Tofali halisi la milimita 230 kwa 114 kwa 64 lina kama kilo 3.5, na la saruji linakaribia hapo hapo. Dawa ni kulivunja.

Hili si suala la kupunjwa tu. Sakafu ya tanuri la piza hufika nyuzi 400 za Selsiasi na zaidi, na kuba hupata joto kubwa kuliko hapo. Tofali la moto linahimili zaidi ya nyuzi 1,200. Saruji ya kawaida huanza kuvunjika kimuundo kwenye nyuzi 400 hivi, ikabanduka magamba na kuangukia kwenye chakula. Na ikiwa na unyevu ndani ni hatari zaidi, kwa sababu maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Mvuke ukikosa pa kutokea, tofali hupasuka kwa kishindo na vipande huruka kupitia mdomo wa tanuri, pale pale mtu anapoinama kugeuza piza na watoto wamesimama wakisubiri.

Sasa sikieni ushauri ambao muuzaji alimpa jirani yangu: siku ya kwanza awashe moto mkubwa "ili matofali yakomae". Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Hata tanuri lililojengwa kwa vifaa halali huanzishwa kwa vimoto vidogo vidogo, siku kadhaa mfululizo, unyevu utoke taratibu.

Blanketi nalo lilikuwa sufi ya kioo ya manjano, ile ya kwenye dari. Blanketi halisi la tanuri ni la nyuzi za kauri, nalo huwa jeupe. Ukiwa na shaka, vaa barakoa, toka nje, shika kipande kidogo kwa koleo juu ya moto wa gesi. Sufi ya kioo hutoa moshi, ikanywea na kuyeyuka; kauri huwa nyekundu kisha hurudi ilivyokuwa. Ile saruji maalumu ilikuja kwenye mfuko usio na maandishi yoyote, kwa hiyo sitaizungumzia.

Muuzaji huyu utamjua kwa tabia. Anataka malipo yote mapema, kila siku mzigo "unaisha leo", na hakubali kukuuzia tofali moja la kujaribu. Ukimwomba karatasi ya vipimo ya kiwandani, anatuma picha iliyokatwa jina la kiwanda. Ukilalamika, anakupa matofali ya rangi ya kahawia nzito yaliyong'olewa kwenye tanuru za viwandani. Hayo msiyapokee kabisa. Baadhi ya matofali ya aina hiyo yana kromu, metali ambayo ikipitia joto la viwandani inaweza kugeuka kuwa aina nyingine ya kromu, ile inayosababisha saratani. Jirani yangu aliyakataa, na jamaa akaingia mitini.

Kama bajeti haitoshi, heri tofali la udongo la kuchoma, lisilo na matundu, lililoiva vizuri. Halidumu kama la moto, lakini watu wameoka mikate ndani yake tangu zamani.

Uliyekwisha kujenga kwa mzigo wake, usiwashe. Vunja tofali moja kwanza uone ndani, piga picha, tunza ujumbe wote na risiti, kisha upeleke polisi. Na kama umelipa leo au jana, wapigie sasa hivi benki au mtandao wa simu uliotumia, uombe muamala uzuiwe kabla hela hazijatolewa.