Maktaba Kuu ya Makerere: walinipatia riwaya niliyoisahau jina

Kama kuna kitabu cha Kiswahili ulichokipenda zamani na jina limekutoka, panda Makerere, ingia Maktaba Kuu, uulizie sehemu ya Africana, yaani ya vitabu vinavyohusu Afrika. Mimi nilifika na vipande tu: mpelelezi mwenye kiko mdomoni, maiti iliyokutwa mahali pa mzimu, mambo ya Unguja. Marehemu Baba, askari wa Bombo, alikuwa akitusomea usiku. Mjini kila muuza vitabu alitaka kwanza jina la mwandishi.

Dada aliyenipokea ni mtu wa Arua, na Kiswahili kwake ni cha nyumbani. Hakukimbilia kompyuta. "Mzee, ulikisoma mwenyewe au ulisomewa? Kabla ya vita vya 1979 au baadaye? Huyo mpelelezi yuko peke yake?" Nikakumbuka ana rafiki anayefuatana naye kila mahali. Rangi ya jalada hakuitaka kabisa; vitabu vikichakaa maktabani hufungwa upya, rangi ya zamani ikapotea. Mwenzake wa meza ya pili aliposikia kiko, akadakia: "Huyo Bwana Msa! Na rafiki yake ni Najum."

Nilidhani tumemaliza. Kumbe Muhammed Said Abdulla, yule mwandishi wa Zanzibar, alimtungia Bwana Msa visa kadhaa: kuna Kisima cha Giningi cha 1968, Duniani Kuna Watu cha 1973, Siri ya Sifuri cha 1974. Dada akarudi kwenye maiti yangu. Mzimuni? Basi ni Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda shindano la uandishi la 1957–58 kisha kikatolewa mwaka 1960 na East African Literature Bureau. Shirika hilo lilihudumia Kenya, Tanganyika, Zanzibar na Uganda yetu, kwa hiyo sishangai kwamba kilimfikia Baba kambini. Kompyuta ingeniuliza jina. Hawa waliniuliza hadithi, na kwa mtu wa umri wangu huo ndio msaada wenyewe.

Vitabu vya Africana husomwa humo humo, huendi navyo nyumbani. Nakubaliana nao, maana nakala kuukuu zikipotea hazirudi. Dada aliniandikia jina, mwandishi, mchapishaji na mwaka kwenye karatasi, nikaagize nakala yangu niwasomee wajukuu. Ukienda, beba kitambulisho, na usione haya kusimulia hata kile kipande kidogo unachokikumbuka.