Tränenpalast, Berlin: Makumbusho ya Kituo cha Friedrichstraße

Anayeshuka leo katika kituo cha treni cha Friedrichstraße, katikati ya Berlin, hukuta maduka, ngazi za umeme na abiria wenye haraka zao, na si rahisi kwake kuamini kwamba kituo hicho, kilichofunguliwa mwaka 1882, kiliwahi kutengwa ndani kwa ukuta wa chuma. Historia hiyo imehifadhiwa nje kidogo, katika Tränenpalast (yaani Kasri la Machozi), banda la vioo lililojengwa mwaka 1962, jiji lilipokuwa limegawanywa, kwa ajili ya kuwakagua watu waliokuwa wakitoka Berlin Mashariki kwenda Magharibi. Limekuwa makumbusho tangu Septemba 2011, na kuingia ni bure.

Kitu cha thamani kuliko vyote humo ni kibanda halisi cha ukaguzi wa pasipoti. Ni ujia mwembamba ambamo msafiri aliingia peke yake na kusimama mbele ya askari wa mpakani, huku jamaa zake wa Mashariki wakiwa wameishia nje. Wengi waliopita hapo walikuwa wageni kutoka Magharibi waliokuja kutazama ndugu zao, pamoja na wastaafu wa Mashariki, ambao serikali yao iliwaruhusu kusafiri kuanzia mwaka 1964. Ukisimama humo leo, bila mtu wa kukudai hati, bado utajisikia umebanwa, na kwa maoni yangu kibanda hicho kinaeleza mengi kuliko maandishi yote ya ukutani.

Mfano mdogo wa kituo nao unastahili kutazamwa bila pupa, kwa sababu mpangilio wake wa zamani hauelezeki kwa urahisi. Kituo kilikuwa ndani ya Berlin Mashariki, lakini abiria wa Magharibi waliweza kubadilisha treni humo bila kukaguliwa, na hata kununua sigara na pombe katika maduka ya Intershop kwa fedha za kigeni, ilhali wakazi wa Mashariki walikuwa upande wa pili wa ukuta, chini ya paa lilelile.

Mpenzi wa reli, hata hivyo, hataridhika sana, kwani mkazo uko kwenye mpaka. Ningependa, kwa mfano, jambo moja la ajabu lipewe nafasi kubwa: shirika la reli la Mashariki ndilo lililoendesha treni za S-Bahn, yaani treni za abiria za mjini, hata Berlin Magharibi hadi Januari 1984, na baada ya Ukuta wa Berlin kujengwa mwaka 1961, wakazi wengi wa huko walizisusia ili nauli zao zisiwanufaishe waliowafungia njia.

Mwenye kiu hiyo apande S-Bahn hadi Nordbahnhof, kituo cha pili kuelekea kaskazini, ambako kuna maonyesho kuhusu vituo vilivyofungwa, ambavyo treni za Magharibi zilivipita bila kusimama.