Dawa ya samaki kwenye kichupa cha juisi

"Sister, samaki wa elfu tano ndo unamlilia hivi? Shuka Mwaloni hapo Kirumba, nunua sato, kakaange, ule ulale."

Ndo nilivyojibiwa dukani, mbele za watu, mwanangu kasimama pembeni kashika kopo lenye samaki wake amekufa. Duka silitaji, liko mjini huku Mwanza, mnaofuga samaki wa mapambo mshalijua maana kwa kuchagua hatuna pengi. Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Ilikuwa kipindi kile cha mvua, usiku maji ya tanki yanapoa sana. Nilinunua goldifishi wawili kwa mzee muuzaji wa hapo, ndo huyo aliyenijibu, nikawachanganya moja kwa moja na watatu wangu wa zamani (kosa langu hilo nalikubali, samaki mgeni unamtenga hata wiki mbili tatu kwanza, ila na yeye muuzaji si angesema? na wavu ni ule ule mmoja anachovya kila tanki!). Siku chache mbele naona mmoja anajisugua kwenye kokoto, mapezi yana vidoa vyeupe kama kamwagiwa chumvi. Nikarudi mbio dukani. Mzee hata hajauliza tanki langu lita ngapi, kachukua chupa kubwa ya dawa ya kijani ya bluu bluu, kanimiminia kwenye kichupa cha juisi, kile cha plastiki, kinanukia embe bado! Haina lebo, haina maelezo, haina chochote. "Weka kifuniko kimoja." Basi. Elfu nane.

Hicho kichupa ndo kinachoniuma mpaka leo, kuliko hata matusi. Nyumbani kuna mtoto jamani, dawa yenyewe kumbe ni malakaiti, ni sumu, na kipimo chake kinaenda kwa lita, ukizidisha unaua samaki mwenyewe, hasa wasio na magamba kama kambale.

Nikaweka kifuniko. Siku ya tatu madoa hayapo, nikasema asante Mungu, nikaacha. Wiki haijaisha yamerudi mara kumi, samaki wanahema juu juu, wawili wakafa usiku mmoja na wa tatu asubuhi yake. Ndo nikaenda na kopo, ndo nikaambiwa habari za sato.

Sasa sikilizeni. Wakati natoka na machozi, dogo anayemsaidia kunyonya uchafu wa matanki akanifuata nje. Dada, filta yako ina kamfuko ka mkaa? Ninako. "Umekatoa?" Sijakatoa, nani aliniambia? Kumbe ule mkaa unafyonza dawa yote, nilikuwa natibu mkaa. Akanieleza pale pale kwenye baraza kwamba kale kadoa ni kadudu kamejichimbia chini ya ngozi ya samaki, hapo dawa haikafikii. Kakishiba kanadondoka kwenye kokoto, kanajifungia, kanajigawa humo mpaka wanatoka mamia, na hao wanaoogelea kutafuta samaki ndo dawa inawaua. Wasipopata samaki ndani ya siku mbili hivi wanakufa wenyewe. Kwa hiyo madoa yakipotea siyo kupona, wameshuka tu kuzaliana! Kadudu kenyewe kanaitwa Ichthyophthirius, jaribu kutamka uone.

Akaniambia niachane na kile kichupa. Chumvi, gramu 2 kwa kila lita, niipandishe taratibu mpaka 3, unaiyeyusha pembeni kwanza. Hita mpaka nyuzi 28 ila polepole, maana joto linaharakisha kadudu kutoka, na pampu ya hewa isizimwe kwa sababu maji ya moto hewa inapungua. Kila baada ya siku mbili nanyonya chini kwenye kokoto kwa mpira, naondoa robo ya maji, narudisha ya bomba yaliyolala ndoo wazi, na ya kurudisha nayo unayatia chumvi kipimo kile kile. Jirani kanishauri nichote ya ziwani, eti ni ya asili, nikamwambia asante, nishachoka na wageni. Wiki mbili nzima nilifanya hivyo hata madoa yalipokuwa hayapo. Wawili wamepona, wanakula mpaka kero.

Kwa hiyo duka ni baya? Baya. Nendeni lakini, nendeni asubuhi mzee hajafika, muulizeni dogo, anajua kuliko wengi. Hapana, hata, msiende, kwa nini tumtajirishe mtu anayeuza sumu kwenye chupa ya juisi? Nikikumbuka napandwa upya.

Tatizo chakula chao nanunua wapi. Pale pale. Juzi nimeenda nimenuna, sisalimii mtu, mzee mwenyewe ndo yupo, ananiuliza, "Sister, bado wapo?" Nikamwambia wawili. Akakaa kimya, akanifungia kile chakula akanipunguzia mia tano, alafu akasema mwambie mtoto pole. Nimefika nyumbani sijui nimchukie au vipi. Kile kichupa bado ninacho juu ya kabati, nimebandika selotepu nimeandika SUMU kwa maka pen.