Semina ya kuuza samaki nje, Kisumu: mwalimu moto, chai baridi

Nimetoka semina ya siku moja hapa Kisumu, ya biashara na mazingira kwa sisi tunataka kuuza samaki nje, na aki mwalimu anajua kazi yake. Alitupitisha kifungu cha 20 cha GATT, ule mkataba wa biashara ya kimataifa, kinachoruhusu nchi kuzuia bidhaa kwa sababu kama kulinda mazingira, na ile kesi ya kamba wa baharini na kasa, Marekani ilizuia kamba waliovuliwa bila kulinda kasa, India, Pakistan, Malaysia na Thailand wakaishtaki kwa WTO, Shirika la Biashara Duniani, 1998 jopo la rufaa likasema kulinda kasa ni sawa, shida ni vile Marekani ilibagua, nchi zingine zilipewa muda na msaada wa mafunzo na hizo nne hazikupata hivyo. Hapo nikashika kabisa.

Lakini mama mmoja anauza mbuta akauliza, sasa vipimo vya maabara vya samaki wa kuuza nje nani analipa? Mwalimu akajikuna kichwa akaruka kwa slaidi ingine, na hilo ndilo swali lilituleta.

Chai nayo baridi, mandazi nusu nusu, alafu chupa za plastiki kila meza, semina ya mazingira jameni! Nyota 4, hiyo moja nimekata ya mandazi.